Umeme Uliomwonea Haya Bi Swichi

Jina lake lote, kama mtaa unavyolitaja, ni Bi Swichi binti Mchimba Visima, mjukuu wa Mkunga Mkono Mwepesi, mke wa Mzee Brashi. Baba yake alishuka ardhini kwa kamba mpaka akakuta maji, na watu wakanywa. Bibi yake alipokea watoto ambao leo ni babu za watu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetia taa ya kwanza kwenye zahanati, akavuta waya dari nzima ya shule, akapigwa na umeme juu ya ngazi, akaanguka, akainuka, na neno lake la kwanza likawa, "Bisibisi yangu iko wapi?" Waliokuwapo siku hiyo wapo, na asiyeamini akawaulize.

Ufundi aliuingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa msichana wa kubeba mchanga kwenye ujenzi, na mafundi walikuwa wanahangaika na waya uliokwama ndani ya ukuta. Mkono wake peke yake ndio uliotosha kwenye lile tundu. Akauvuta waya, akauliza unakwenda wapi. Wakamwonyesha. Kesho yake akauliza la pili, na tangu hapo hakurudi kwenye ndoo.

Mumewe alimpata hukohuko. Bi Swichi alikuwa anazitoboa kuta, na nyuma yake alikuja kijana wa kuziziba na kuzipaka rangi, akinung'unika. "We dada, unaumiza ukuta utadhani umekukosea." Akamjibu, "Nisipouumiza mimi, wewe utalala njaa." Wakaoana. Wakatembea nyumba kwa nyumba, mmoja anabomoa, mmoja anatengeneza, na watu wakawa wanasema hao wawili ukiwaita hufanyi tena hesabu ya fundi mwingine.

Kila nyumba aliyotia umeme Bi Swichi aliacha na agizo. Aliwakusanya wenye nyumba, wakubwa kwa wadogo, akawasimamisha mbele ya meni swichi, ile inayozima nyumba nzima, akawaambia, "Umeme ukianza kucheza, taa ikififia ikirudi, usisimame kuitazama kama sinema. Zima hapa kwanza, kisha niite." Halafu aliwarudisha mmoja mmoja wakariri. Ndiyo maana katika nyumba zake zote hakuungua mtu. Alijivunia hilo kuliko pete yake ya ndoa.

Sasa tuje kwenye nyumba yake mwenyewe.

Mzee Brashi alipofikia uzee, kifua kilimlipa kwa vumbi lote la kupiga msasa na rangi zote za kupuliza alizovuta bila kujifunga hata kitambaa. Kwanza alikuwa anapumzika katikati ya ngazi. Kisha katikati ya kuvaa shati. Mwisho wake akawa anapumzika katikati ya neno. Wakamlaza wodini, akakaa huko mpaka akaacha kula, akageukia ukuta. Siku Bi Swichi alipomwuliza anataka nini, alivuta pumzi mara kadhaa ndipo akasema, "Kwangu."

Zahanati ikawaazima mashine ya kutengeneza hewa ya oksijeni, ile inayochomekwa kwenye soketi na kunguruma kama jokofu kuukuu. Pamoja nayo wakapewa mtungi mmoja wa hewa, wa akiba, kwa dharura tu. Mzee akalazwa chumba cha mbele, kitanda kikasogezwa ukutani penye upepo wa dirisha, mrija puani, na ndani ya muda mfupi akaanza kuuliza nani ameanika nguo vibaya pale nje. Bi Swichi akamshukuru Mungu. Mkwe wao, mke wa mtoto wao wa kiume dereva wa malori, akahamia kwao kusaidia. Huyu alikuwa mshonaji. Alikuja na cherehani yake, na pasi yake, na woga wake wa umeme.

Ndipo umeme ukaanza kucheza.

Ulianza kidogo. Taa ilififia mchana, ikarudi. Kisha siku moja Bi Swichi akiwa sokoni nyumba nzima ilififia, ikapepesa, ikazimika, na mashine ikapiga kelele. Mkwe alikimbia kuzima meni swichi kama alivyokaririshwa, akamfungulia mzee mtungi, akampigia mama mkwe simu. Bi Swichi alirudi mbio kanga ikimwanguka, akawasha. Umeme ukatulia kama maji ya mtungini. Akachomeka testa yake ya kupimia umeme, ikawaka vizuri. Akakaza skrubu zote za meni swichi. Hakuna kitu.

Siku ya pili vilevile, na ya tatu. Akabadilisha soketi. Akabadilisha meni swichi yenyewe. Akavuta waya mpya kutoka hapo kwenye meni swichi moja kwa moja hadi kwenye mashine, bila kupita popote, akasema, "Haya, tuone sasa." Ukakata vilevile. Hapo akajua ugonjwa uko nyuma zaidi, kati ya mita ya nje na meni swichi ya ukumbini. Lakini hapo katikati hapakuwa na kitu! Mita iko nje ya ukuta wa chumba cha mbele, waya unaingia ukutani, unatokea ukumbini. Ukuta mtupu, laini kama yai. Akaupima waya huo ukiwa umezimwa, akaukuta mzima.

Akawaita watu wa umeme. Wakaja vijana wawili na ngazi, wakapanda nguzo, wakafungua mita, wakafunga, wakatia lakiri yao.

"Mama, nguzo nzima, mita nzima. Ugonjwa uko ndani."

"Ndani ninakaa mimi," Bi Swichi akasema.

"Basi labda unakuonea haya, mama." Wakacheka, wakaondoka na ngazi yao.

Neno lile likabaki. Kweli, kila alipokuwa mbali umeme ulifanya vituko, na kila alipokaribia na testa ulijinyoosha kama mtoto aliyemwona mwalimu. Alijaribu kuvuta waya kutoka kwa jirani, lakini ulikuwa mrefu na mwembamba, umeme ukafika hafifu, mashine ikalia ikaukataa. Mwenye duka la pembeni alimwona anaukunja akamwambia, "Bi Swichi, nikuuzie mshumaa?"

"Niuzie na meno, nikutafune."

Alijibu hivyo, lakini alipoingia ndani alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akatazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi tangu mwaka uliopita. Skrubu ndogo zilimponyoka. Hakumwambia mtu. Akawaza kwamba labda ugonjwa uko wazi, na mwenye ugonjwa ni yeye, macho na akili vimekwisha, na fundi yeyote mwingine angeliona jambo lenyewe akiwa mlangoni.

Muuguzi alikuja kumpima mzee. Akasoma mshale wa mtungi, akatikisa kichwa. Ule mtungi wa dharura walikuwa wameutumia kila umeme ulipokata, na mshale ulishaingia kwenye nyekundu.

"Mama, siwezi kukuletea mwingine wiki hii, hakuna. Na mashine hii ikiendelea kukatikakatika itakufa. Ijumaa nikikuta umeme haujatulia, nitaichukua, na baba atarudi wodini."

Mzee Brashi alisikia. Aligeuza uso wake ukutani, vilevile kama alivyofanya wodini. Bi Swichi alijua akirudi kule hatoki.

Alhamisi mchana jua lilikuwa linachoma bati mpaka linalialia. Mkwe alikuwa anapiga pasi sare za wateja wake, birika la umeme linachemsha maji ya mzee, mashine inanguruma. Bi Swichi alikuwa uani anaanua shuka. Akasikia mlio wa mashine, kisha kimya, kisha miguu ya mkwe ikipiga sakafu ya ukumbi. Akaacha shuka, akakimbia. Alipofika mlangoni mkwe alishazima meni swichi, anahema, mkono bado uko juu.

"Nimezima, mama! Nimewahi!"

Bi Swichi akasimama. Aliutazama ule mkono. Akauona mkono wake mwenyewe katika nyumba zote zile, unaonyesha watu, zima hapa kwanza, kisha niite.

"Mwanangu," akasema polepole, "kila siku unazima kabla sijafika?"

"Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Ndivyo." Akajishika kichwa. "Ndivyo nilivyokufundisha. Jamani! Kiungo kikipata joto kinaachia, nyinyi mnazima, kinapoa, kinashikana, mimi nakuja na testa yangu nakikuta kimelala. Namtafuta mwizi, na kila nikija mmeshamfungulia mlango."

"Kwa hiyo nisizime?"

"Leo usizime."

Mkwe alirudi nyuma hatua. "Mama, nyumba itaungua."

"Nitakuwa nimesimama nayo."

"Na baba je? Mtungi unakwisha ule!"

Bi Swichi aliingia chumba cha mbele. Mzee Brashi alikuwa na mrija wa mtungi puani, midomo imeanza kuwa ya rangi ya jivu, lakini macho yako macho. Akamwinamia.

"Brashi, nataka kutumia hewa yako ya mwisho kutafuta huu ugonjwa. Nisipoupata, hakuna nyingine mpaka tukupeleke kule. Unasemaje?"

Akavuta pumzi. Akavuta nyingine. "Wewe si... fundi?"

"Walisema hivyo."

"Basi... tafuta."

Akaizima mashine ili isiumie, akauacha mtungi ufanye kazi. Akamwambia mkwe awashe kila kitu: pasi, birika, jiko la sahani, taa zote. Mkwe aliwasha huku machozi yanamtoka, akisema, "Mungu wangu, Mungu wangu," kila kitufe na Mungu wake. Kisha Bi Swichi akawasha meni swichi.

Umeme ukasimama imara. Wakangoja. Birika likaanza kuimba. Mshale wa mtungi ulikuwa unashuka, na Bi Swichi alijizuia kuutazama, akautazama. Hakuna kilichocheza. "Cheza basi," akanong'ona. "Mwanaharamu wewe, si ulikuwa unacheza? Cheza nikuone."

Taa ya ukumbini ikafifia.

"Mama!" mkwe akaruka kuelekea meni swichi.

"Usiguse!"

Taa ikapepesa, ikawa nyekundu kama sigara. Bi Swichi akakimbia nje penye mita, akasikiliza, kimya. Akaingia ndani. Akaweka sikio kwenye ukuta wa ukumbi karibu na meni swichi, kimya. Akarudi nyuma akiufuata ule waya asiouona, sikio ukutani, akipapasa kwa mgongo wa kiganja. Ukumbi, baridi. Kona, baridi. Akaingia chumba cha mbele, akapanda kitandani kwa magoti kando ya mumewe, akaweka sikio pale juu ya mto wake.

Ukuta ulikuwa unakaanga. Sauti ndogo, kama mafuta kwenye kikaango cha nyumba ya tatu. Akaweka mgongo wa kiganja, akautoa upesi. Moto. Na hapo ndipo alipoiona rangi, ile nyeupe nzuri, imegeuka kahawia kwa ukubwa wa sahani ndogo, na mzee chini yake na mrija wa oksijeni puani.

Akaruka kutoka kitandani. Maana penye hewa ile cheche haichomi kama moto wa kawaida, inawaka ghafla na kula kila kitu.

"Zima! Zima! Zima!" akapiga ukelele. "Njoo tuvute kitanda!"

Taa zikafa. Mkwe akaja mbio, wakashika kitanda mguuni, wakakivuta, miguu yake ikikwaruza sakafu, mtungi ukibiringika nyuma yake, mpaka wakakitoa chumbani kwenda ukumbini. Mzee alikuwa anatikisika kama mzigo kwenye mkokoteni. Bi Swichi alirudi mbio nje, akazima na swichi ya mita ili ukuta usibaki na kitu. Kisha akaja na nyundo na tindo, akasimama mbele ya ile alama ya kahawia.

Alipiga mara chache tu. Ukuta ulijibu kwa sauti ya debe tupu. Plasta ikaanguka vipandevipande, na ndani yake likatokea boksi la chuma la kuungia waya, lisilo na kifuniko, limejazwa plasta kama jino lililozibwa. Ndani ya plasta nyaya zimesokotwa kwa mkono. Waya unaoleta umeme ulikuwa mzima. Ule wa pili, wa nyutro, unaourudisha, ulikuwa umeungua mpaka umekuwa mkaa, umeshikana kwa ncha tu.

Bi Swichi alitokea ukumbini na vumbi usoni. "Brashi. Kuna boksi pale ukutani. Nani alilifukia?"

Mzee alifumba macho.

"Ulikwenda... ile kazi ya shule," akasema. "Miezi. Nikataka... ukirudi... ukute nyumba... kama hoteli." Akapumzika. "Lile boksi... lilikuwa baya. Kama kovu. Nikaona... nani atalihitaji."

Bi Swichi alikumbuka. Alirudi kutoka ile kazi akakuta kuta zote nyeupe, laini, akazungukazunguka vyumbani akizipapasa kwa kiganja, akalia kwa furaha. Nyumba walikuwa wameinunua na waya zake, na nyumba za watu zikampa kazi nyingi, hakupata kamwe siku ya kuipekua ya kwake, wala boksi hilo halikumkaa akilini.

"Ungeniambia, mume wangu."

"Ungelifukua."

"Ningelifukua."

"Ndiyo... sababu."

Alitaka kumpigia kelele. Mdomo ulifunguka, lakini macho yake yakaenda kwenye mtungi, na mshale ulikuwa umelala chini kabisa. Akageuka akaenda kwenye boksi.

Alikata ncha zilizoungua, akachuna ngozi ya waya, hayo aliyaweza. Lakini ilibaki kuingiza ncha kwenye konekta, kale kapande ka kushikia waya, na kukaza skrubu yake ndogo. Vidole havikutaka. Konekta ilianguka. Akaiokota, ikaanguka tena, ikabiringika uvunguni. Kutoka ukumbini pumzi za mzee zilianza kuja na sauti, kama mtu anayevuta gunia zito sakafuni.

"Mama, mtungi umekwisha," mkwe akaita. "Mama!"

"Njoo hapa."

Mkwe akaja. Bi Swichi akampa bisibisi.

"Mimi? Mama, mimi siwezi, mimi naogopa hata..."

"Umezimwa mpaka nje. Hauna uhai huo, ni kipande cha shaba. Tazama mikono yangu." Akaiinua mbele ya macho yake. Ilikuwa inatetemeka kama majani. "Umeiona? Haya. Ingiza huu. Na huu. Usiache shaba nje. Sasa kaza."

"Imekaa."

"Haijakaa. Kaza."

"Imegoma, mama."

"Ikigoma ongeza kidogo. Vuta waya tuone. Ukitoka mkononi mwako, baba yako amekwenda."

Mkwe akavuta kwa nguvu zote. Haukutoka. Bi Swichi alishatoka nje kuwasha mita, akarudi akawasha meni swichi, akaiburuta mashine mpaka ukumbini kando ya kitanda. Ikakohoa, ikanguruma. Akampa mumewe mrija, akapiga magoti, akamshika kidevu kama unavyomshika mtoto wa kunywesha dawa. "Vuta. Vuta tena. Usinitanie, vuta."

Ilichukua muda. Rangi ya jivu haikuondoka yote, na Bi Swichi, aliyeona wagonjwa wengi katika familia yake, alijua haitaondoka tena. Lakini lile gunia likawa jepesi, kisha likanyamaza, na macho yakafunguka.

"Pasi," akamwambia mkwe bila kugeuka. "Iwashe. Na birika."

Mkwe aliviwasha. Wakakaa pale ukumbini, watu watatu na kitanda kimeziba njia, wakitazama taa. Birika likachemka. Taa haikupepesa.

"Ijumaa muuguzi akija ataikuta hivihivi," mkwe akasema, akacheka, kisha akalia.

Bi Swichi alikuwa anamtazama mumewe. "Brashi. Ulifukia hilo tu?"

Mzee aliinua kidole kimoja juu ya shuka. Kikaelekea jikoni. Kikatua, kikapumzika, kikainuka tena, kikaelekea chumba cha nyuma. Kisha kikaelekea pale wanapokaa, juu ya mlango.

"Mungu wangu," mkwe akasema. "Nyumba nzima?"

"Kama... hoteli," mzee akanong'ona.

Siku nyingine yoyote ya maisha yake, fundi huyu angekuwa ameshasimama. Angekuwa ameshika nyundo kabla kidole hakijashuka. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa chini ya shingo ya mumewe, ukipokea uzito wa kichwa chake, na kila pumzi aliihesabia kwa kiganja. Hakuutoa. Kwa mkono wa pili aliisukuma nyundo na tindo sakafuni mpaka zikagusa miguu ya mkwe.

"Zima jikoni peke yake, kisha anza na la huko," akasema, "maana hapo ndipo penye mzigo. Na mashine hii ina waya wake, usiiguse."

"Mama, peke yangu?"

"Gonga ukuta kwa ncha ya nyundo. Ukijibu kama debe, umefika. Toa plasta yote, kaza kama ulivyokaza lile, vuta uone. Ukishalifungua usilizibe tena, liache na kovu lake."

"Polepole," Mzee Brashi akasema. "Usi... niharibie ukuta."

"Uharibu," Bi Swichi akamwambia mkwe. "Nenda. Na ukikwama niite kwa sauti kubwa, kwa sababu mimi sitoki hapa."